Kumpeleka mama Nürnberg: kipi ni cha kale kweli, na uanzie wapi

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni Mkenya, naishi München na niko mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Mama yangu anakuja kutoka Mombasa mwezi wa Desemba, nami nataka kumpeleka siku mbili kwenye mji mmoja wa kale wa Kijerumani, ule wa kuta na ngome. Wenzangu kazini wanasema twende Rothenburg. Mimi naona Nürnberg ndio karibu, ila nimesoma kwamba uliteketezwa vitani na vilivyopo leo ni vya kuigiza. Ni kweli? Mama magoti yanamsumbua, nguruwe hali, na baridi haijazoea. Naomba ushauri.

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Mpeleke mama Nürnberg. Nakujibu kama mtu aliyesomea historia ya miji ya zama za kati na ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni mjini humu, kwa hiyo upendeleo ninao. Lakini una sababu zake, na sababu zenyewe zinagusa hilo hilo linalokutia wasiwasi.

Kuteketea, uliteketea. Usiku wa tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia, na kulipopambazuka takriban asilimia 90 ya mji mkongwe ilikuwa kifusi. Watu wapatao 1,800 walikufa. Kwa hiyo ukisimama na mama kwenye mtaa wowote na kumwonyesha nyumba bila kuchagua, huenda nyumba hiyo ni ya miaka ya 1950. Hata hivyo, kuita mji huu wa kuigiza ni kuukosea. Baada ya vita wenyeji walibishana sana: wajenge mji mpya kabisa, au wanakili kila nyumba iliyoungua? Hawakufanya hili wala lile. Waliacha mitaa ipite palepale ilipokuwa ikipita, wakaweka mipaka ya viwanja na kimo cha majengo, wakadai paa ziwe za mwinuko mkali na kuta zitumie jiwe la mchanga la rangi ya wekundu lililochimbwa eneo hilo tangu zamani. Makanisa makubwa na ngome vilirudishwa jiwe kwa jiwe. Nyumba ya kawaida ya mtaani haijidai kuwa ya mwaka 1400. Ni nyumba ya kisasa iliyokubali kukaa kwa adabu mahali pa nyumba ya kale. Mimi hilo naliheshimu.

Halafu kuna vilivyonusurika. Mnara wa mviringo wa ngome, Sinwellturm, na kanisa dogo la ngome vilisimama. Ukuta wa mji ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 5, na sehemu kubwa yake ipo hadi leo pamoja na handaki lake na minara minne minene kwenye malango makuu. Nyumba ya mchoraji Albrecht Dürer, iliyojengwa mnamo 1420 na ambayo yeye aliishi kuanzia 1509 hadi kufa kwake 1528, iliumia kidogo tu. Mtaa wa Weißgerbergasse, walikokaa watengeneza ngozi, bado una nyumba zake za mbao na udongo, zilizopinda kidogo, kila moja na rangi yake. Huo ndio mtaa wa kupiga picha na mama, si ule wa maduka.

Na vitu vya thamani kuliko vyote vilikuwa chini ya ardhi. Kilima cha ngome ni jiwe laini la kuchimbika. Mnamo 1380 halmashauri ya mji iliagiza kwamba anayetaka kutengeneza bia na kuiuza awe na ghala lake la chini ya ardhi, na watu wakachimba karne kwa karne mpaka kilima kikajaa mapango. Vita vilipoanza, moja ya mapango hayo liligeuzwa ghala la sanaa, kiasi cha mita 24 chini, likawekewa hewa ya kutosha na milango ya kukinga unyevu. Humo viliwekwa vioo vya rangi vya makanisa, sanamu za mbao, na tufe la dunia ambalo nitalieleza baadaye. Juu mji uliungua. Chini sanamu zilikaa salama. Kwa hiyo utakapoingia kanisani na kuona kazi ya mwaka 1518, ni yenyewe, si nakala.

Hata hivyo, uzee wa mji huu mimi siupimi kwa mawe peke yake. Naupima kwa kazi ambazo hazijakoma. Na hapa, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, kuna jengo moja nisingependa ulipite: Heilig-Geist-Spital, kwenye mto Pegnitz. Tajiri mmoja, Konrad Gross, alilianzisha mwaka 1339 kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Sehemu yake imejengwa juu ya maji yenyewe, matao mawili ya mawe yakiibeba. Nenda kwenye daraja la jirani uitazame kutoka hapo. Kati ya 1424 na 1796 kanisa la hospitali hiyo ndilo lililotunza taji, upanga na vito vya wafalme wa Dola Takatifu ya Kirumi, dola ya zamani iliyounganisha nchi za Kijerumani. Leo viko Vienna. Jengo lilirudishwa baada ya vita na leo lina mkahawa, ila pia bado wanaishi wazee humo. Karibu miaka 700 baadaye, wakfu wa Konrad Gross unafanya kazi ile ile. Vivyo hivyo Weinstadel, nyumba kubwa ya mbao kando ya mto iliyojengwa katikati ya karne ya 15 kuwahifadhi wenye ukoma waliokuja mjini wiki ya Pasaka. Baadaye ikawa ghala la mvinyo, na siku hizi ni bweni la wanafunzi. Mtu anaanika soksi zake kwenye dirisha la nyumba ya wenye ukoma. Mji wa kuigiza haufanyi hivyo.

Rothenburg ni pazuri, sikatai. Ni mji mdogo, ukuta wake unazunguka wote na unaweza kutembea juu yake chini ya paa. Lakini nao ulipigwa mabomu Machi 1945, na upande wake wa mashariki umejengwa upya, jambo ambalo wenzako hawakukuambia. Kufika huko kwa treni kunataka kubadili zaidi ya mara moja, na Desemba mchana watu wanabanana kwenye mitaa michache ile ile. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, ngazi za ule ukuta si rafiki.

Sasa safari yenyewe. Treni ya kasi kutoka München hadi Nürnberg inachukua zaidi kidogo ya saa moja. Ya mkoa inakaribia saa mbili. Mkiwa wawili, tiketi ya siku ya jimbo zima, Bayern-Ticket, ni nafuu, ila siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi na hairuhusu treni za kasi. Chagueni siku za katikati ya wiki. Jumamosi za Desemba mji unafurika, na mama hatafurahia kusukumwa. Jumatatu pia si nzuri kwa sababu makumbusho mengi yanafungwa.

Mkiondoka baada ya saa tatu mtafika kama saa tano asubuhi. Siku ya kwanza msipande kokote. Stesheni iko nje tu ya ukuta. Mnavuka barabara, mnapita chini ya mnara mnene wa lango, na mko ndani. Fuateni Königstraße taratibu. Upande wa kushoto mtaona jengo kubwa lenye paa refu lenye madirisha madogo mengi: ni Mauthalle, ghala la nafaka lililojengwa 1498 hadi 1502. Mji ulihifadhi nafaka ya akiba ili njaa au kuzingirwa kusiukute mikono mitupu. Mbele kidogo ni kanisa la Mtakatifu Lorenz, na hapo ningependa mkae, kwa sababu hapo ndipo Nürnberg na Mombasa zinapokutana.

Ingieni, tembeeni hadi karibu na madhabahu, kisha tazameni nguzo ya kushoto. Kuna mnara mwembamba wa mawe, kimo chake kama mita 20, uliochongwa mithili ya majani na matawi, na ncha yake imekunjwa pale ilipokutana na dari. Adam Kraft aliuchonga kati ya 1493 na 1496 uwe kabati la kuhifadhia mkate mtakatifu. Wakati wa vita haukuhamishwa; ulijengewa kuta pembeni, na ni ncha tu iliyovunjika. Sasa mwambie mama ainame kidogo, au akae kwenye benchi atazame chini: mzigo wote umebebwa na wanaume waliopiga magoti, na mmoja wao, mwenye ndevu, kofia na nyundo mkononi, ni fundi Kraft mwenyewe. Amejichonga mzima, katika nguo za kazi, si kwa unyenyekevu wala si kwa majivuno. Kama fundi anayesema kazi hii niliifanya mimi.

Aliyelipa alikuwa mfanyabiashara Hans Imhoff. Ukoo wa Imhoff ulitajirika kwa zafarani, pilipili na viungo vingine. Zafarani ilikuwa mali nzito mjini humu hata ikawekewa wakaguzi wake, na mwaka 1444 mtu aliyekamatwa akiuza ya kuchanganya alichomwa moto pamoja na mali yake. Kisha Wareno wakaizunguka Afrika, na matajiri wa Kijerumani wakaona njia mpya ya pilipili. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipoondoka Lisbon na kundi la meli kwenda Bahari ya Hindi, meli tatu ziligharimiwa na wafanyabiashara wa Kijerumani na wa Kiitalia. Waliotoa fedha nyingi ni ukoo wa Welser wa mji wa Augsburg. Wa Nürnberg walikuwa Imhoff na Hirschvogel. Dada yangu, hilo ndilo kundi lililoivamia Kilwa Julai mwaka ule na kuichoma Mombasa Agosti.

Karani mmoja Mjerumani katika meli hizo, Hans Mayr, aliandika habari zake. Anaieleza Mombasa ya siku ile kabla ya moto: nyumba za mawe zenye ghorofa, zilizopakwa chokaa, mitaa myembamba kiasi kwamba watu wawili hawapiti sambamba, na viti vya mawe nje ya nyumba vinavyozidi kuibana njia. Baraza, kwa maneno mengine. Mama akitoka Mji wa Kale hatahitaji kuelezwa. Kisha anaeleza jinsi mji ulivyotekwa nyara na kuchomwa, na meli zikaendelea na safari yao kwenda kutafuta pilipili.

Niseme wazi ili nisikudanganye: mnara wa Kraft ulikamilika karibu miaka kumi kabla ya msafara ule, kwa hiyo haukujengwa kwa fedha ya nyara za Mombasa. Lakini ni ukoo mmoja na biashara moja. Sijui mahali pengine Ujerumani ambapo mtu wa pwani yetu anaweza kusimama mbele ya kazi nzuri namna hii na kujua jina la familia iliyoigharimia, na kujua pia kwamba familia hiyo hiyo iliweka hesabu yake katika meli zilizofika bandarini kwao. Wageni wengi nikiwaeleza hunyamaza kidogo. Mwambie mama. Ni historia yake kama ilivyo ya wenyeji.

Kabla hamjatoka tazameni juu, katikati ya kanisa: duara kubwa la maua ya mbao linaning'inia, ndani yake malaika na Mariamu. Ni kazi ya Veit Stoss ya 1517 na 1518, moja ya zile zilizokaa pangoni.

Kama mama bado ana nguvu, makumbusho makubwa ya Germanisches Nationalmuseum yako mwendo mfupi kutoka hapo na ndani kuna lifti na viti. Angalieni kwanza kwenye tovuti yao ni vyumba gani viko wazi. Humo mnakwenda kuona kitu kimoja: tufe la Martin Behaim, lililotengenezwa mjini humu kati ya 1492 na 1494. Ndilo tufe la dunia la zamani kuliko yote yaliyobaki. Amerika haimo. Vasco da Gama alikuwa bado hajafika Mombasa, alifika 1498. Jina la Zanzibar limo, ila limewekwa mbali na bara kama kisiwa kikubwa, kwa sababu Behaim alikuwa amesikia habari zake bila kupata mtu wa kumwonyesha ilipo. Miaka kumi na kidogo baadaye walikuwa wanajua njia. Mlangoni kuna nguzo nyeupe za msanii Dani Karavan, zilizosimamishwa 1993, zenye vifungu 30 vya Tamko la Haki za Binadamu, kila kimoja kwa Kijerumani na kwa lugha nyingine.

Jioni nendeni sokoni. Soko la Krismasi, Christkindlesmarkt, huanza Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya majilio (ya nne kabla ya Krismasi) na kwisha tarehe 24 Desemba. Uthibitisho wa zamani wa kuwepo kwake ni kisanduku cha mwaka 1628 chenye maandishi yanayolitaja. Huwa linafunguliwa na msichana mwenye joho la dhahabu na nywele za kusokota, anayesimama kwenye kibaraza cha kanisa la Frauenkirche juu ya umati na kusoma utenzi; anachaguliwa kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2019 aliyechaguliwa baba yake ni mzaliwa wa India, na wapo waliomtukana mtandaoni kwa rangi yake. Mji ulisimama naye, naye akaifanya kazi yake kwa muhula wake. Nakutajia hilo kwa sababu najua utaulizwa na mama kama sisi tunakaribishwa huku.

Vibanda ni vya mbao na paa zake ni kitambaa cha mistari myekundu na myeupe. Tafuteni vitu viwili vya hapa hapa: vikaragosi vilivyotengenezwa kwa plamu zilizokaushwa, na kichwa cha kila kimoja ni kokwa ya jozi, na malaika wa karatasi ya dhahabu iliyokunjwa mikunjo mikunjo. Kinywaji cha moto kinachonukia kila mahali ni mvinyo, kwa hiyo ninyi ombeni Kinderpunsch, ule wa watoto, usio na kileo. Kikombe mnawekea amana. Mkikirudisha mnarudishiwa pesa.

Na Lebkuchen. Hizi ni keki nyembamba za viungo, na sababu ya Nürnberg kuwa mji wake ni rahisi: msitu wa kifalme uliouzunguka ulikuwa na wafuga nyuki waliopewa haki maalumu, na njia za biashara zilileta mdalasini, karafuu, tangawizi, iliki na kungumanga. Mwoka keki wa aina hii anatajwa mjini mwaka 1395. Wakati huo karafuu ilitoka visiwa vya Maluku. Unguja na Pemba hazikuwa na mashamba ya mikarafuu hadi karne ya 19. Zilizo bora zinaitwa Elisenlebkuchen, na kisheria lazima ziwe na angalau asilimia 25 ya lozi au kokwa nyingine, na unga usizidi asilimia 10. Mama akivunja moja atanusa iliki, harufu ya mahamri ya asubuhi. Msinunue ya kwanza mnayoiona kwenye kopo la picha ya ngome. Ingieni kwa mwoka mikate, nunueni moja moja, na someni viungo, maana nyingine zina kileo.

Soseji ndogo za Nürnberg, zile zinazochomwa juu ya kuni za mti wa beech na kuliwa tatu ndani ya mkate, ni nguruwe tupu, kwa hiyo hazina nafasi kwenu. Wala si hasara, kwa sababu eneo hili la Franken lina samaki wake wa baridi: Karpfen, anayefugwa kwenye mabwawa na kuliwa miezi yenye herufi r, kuanzia Septemba hadi Aprili. Anapasuliwa nusu kwa urefu, kichwa hadi mkia, anapakwa unga na kukaangwa mpaka mapezi yanakuwa makavu ya kutafuna. Muulizeni mhudumu mambo mawili: amekaangwa kwa mafuta gani, kwani mikahawa mingine hutumia ya nguruwe, na kama unga umechanganywa na bia. Wakikujibu vizuri, agizeni mmoja mshirikiane, ni mkubwa. Nyama ya halali mtaipata kirahisi nje ya ukuta, mitaa ya Gostenhof na upande wa kusini wa reli, waliko Waturuki wengi. Misikiti nayo iko nje ya ukuta, si ndani ya mji mkongwe. Desemba jua linazama kama saa kumi na robo jioni, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana haraka. Chagueni hoteli karibu na stesheni ili mama apate kurudi kuswali na kupasha miguu.

Siku ya pili ndiyo ya ngome, na hapa ndipo wageni wengi wanapojiumiza. Wanapanda kutoka sokoni juu ya mawe ya mviringo hadi pumzi inakatika. Ninyi mwanzie juu. Chukueni treni ya chini ya ardhi kutoka stesheni hadi Plärrer, kisha tramu namba 4 hadi Tiergärtnertor. Mnaingia kwa lango la ukuta na mnatokea kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba ya Dürer. Kutoka hapo kuna kipande cha kupanda hadi ngomeni. Ni kifupi lakini kikali, na kukiwa na barafu mawe yanateleza. Kama magoti yamekataa siku hiyo, teksi itawasogeza. Viatu vya soli ya mpira, tafadhali, na soksi mbili.

Ngomeni msijaribu kuona kila chumba. Oneni kanisa la ghorofa mbili, la mnamo mwaka 1200. Kaisari na watu wake wakuu walikaa juu, watumishi chini, na katikati ya sakafu ya juu kuna uwazi wa mraba, ili sauti ya ibada moja iwafikie wote bila wao kuchanganyika. Utaratibu wa jamii nzima umejengwa ndani ya sakafu. Kisha nendeni nyumba ya kisima. Kisima kinashuka karibu mita 50 ndani ya mwamba. Mwongozaji anamwaga maji, mnasubiri, mnaendelea kusubiri, ndipo sauti inarudi.

Kwenye njia ya kushuka, simulia mama habari ya Sigena. Nürnberg inatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya tarehe 16 Julai 1050, na hati hiyo si ya vita wala ya kodi. Mfalme Heinrich III anamwachia huru mwanamke mtumwa aitwaye Sigena, kwa ombi la bwana wake. Desturi ilikuwa hivi: mwanamke anashika sarafu kiganjani, mfalme anaupiga mkono sarafu inaruka, na tangu hapo yeye ni mtu huru. Katika miji mingi ya Ulaya jina la kwanza kwenye kumbukumbu ni la askofu au mtawala. Huku ni la Sigena.

Mkae uwanjani Hauptmarkt kabla ya saa sita mchana, mkielekea mbele ya kanisa la Frauenkirche. Saa sita kamili, saa ya mwaka 1509 iliyo juu ya mlango inaanza: wapiga tarumbeta, ngoma, halafu wakuu saba wanatoka mlango mmoja na kumzunguka mara tatu mfalme aliyeketi. Ni Karl IV, na wale ndio wenye haki ya kumchagua mfalme. Inakumbusha sheria yake ya mwaka 1356, iliyoagiza kwamba kila mfalme mpya aitishe baraza lake la kwanza Nürnberg. Watoto hupiga makofi.

Lakini huyo huyo Karl IV, Novemba 1349, aliipa halmashauri ya mji ruhusa ya kubomoa nyumba za Wayahudi ili kupata nafasi ya soko. Mtaa wao ulikuwa hapo hapo mlipo. Tarehe 5 Desemba mwaka ule Wayahudi wasiopungua 562 waliuawa, nyumba zikaondolewa, na kanisa hilo likajengwa juu ya sinagogi. Mnamo 1499 Wayahudi waliokuwa wakiishi mjini walifukuzwa, na haikuwa hadi 1850 Myahudi aliporuhusiwa tena kuwa mkazi. Sikuelezi haya ili kukuharibia siku. Nakueleza kwa sababu uwanja ni mzuri sana, na anayesimama pale anastahili kujua umepatikanaje.

Kuna sura nyingine ambayo huenda mama ataiuliza. Chama cha Hitler kiliuchagua mji huu kwa mikutano yake mikubwa, kwa sehemu kwa ajili ya sifa yake ya kale, na mwaka 1938 kilivirudisha vito vya kifalme kutoka Vienna kwa ajili ya sifa hiyo hiyo. Kesi za wakuu wake zilisikilizwa hapa hapa, chumba namba 600 cha jumba la mahakama, kuanzia Novemba 1945 hadi Oktoba 1946. Viwanja vya mikutano na jumba la mahakama vyote viwili viko nje ya mji mkongwe. Kwa siku mbili na mama mgonjwa wa magoti, mimi ningeviacha. Urudi siku nyingine peke yako na muda wa kutosha.

Mchana huo, ningechagua makaburi ya Johannisfriedhof, nje kidogo ya ukuta, ambapo ardhi ni tambarare. Mawe yote yamelala na yana kipimo kimoja, tajiri na fundi sawa. Wanachotofautiana ni kibao cha shaba juu yake. Mwoka mikate ana mkate wake, mshona nguo ana mkasi. Dürer yupo humo chini ya jiwe kama la jirani yake. Watu wanaendelea kuzikwa humo, na vibao vipya vya shaba vinaendelea kutengenezwa kwa mtindo ule ule.

Na kama baada ya haya yote mama ataendelea kusema anataka mji ambao moto wa vita haukuugusa sana, basi mkiwa na siku ya ziada pandeni treni ya mkoa kwenda Bamberg, chini ya saa moja kaskazini. Bayern-Ticket inafika. Huko mji mkongwe umebaki karibu wote na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993. Lakini kanisa kuu liko juu ya kilima, kwa hiyo stesheni ulizeni basi linalopanda huko, msije mkaanza kwa miguu.